Dawa ya Mmoja, Viazi vya Wote

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa na kipaza sauti. Kitenge nimekivaa, sufuria naitumia, lakini kile kipaza sauti kilinishinda. Mimi niliyeita "anayefuata" maisha yangu yote, siku hiyo nilisimama nikalia kama mtoto wa chekechea, nikasema asanteni, nikakaa. Kwa hiyo yale niliyotaka kuwaambia nayaandika hapa, ninyi mliobaki kwenye dirisha la dawa. Someni mkipata nafasi, ingawa najua hampati.

Habari za vyeo na mshahara naziruka. Mshahara wenu mnaujua. Wangu ulikuwa ndugu yake. Nitasema habari za watu na vidonge, hasa hizi dawa za kuua bakteria, antibayotiki, maana katika kabati lote la dawa ndizo zilizonichekesha sana na ndizo zilizonitisha sana.

Nilianzia Bunda, katika hospitali moja ya pale, binti mwembamba (msicheke) mwenye cheti kipya na viatu vilivyombana. Nikakabidhiwa kwa Mzee Magesa, mtoa dawa wa siku nyingi. Alikuwa mtu mfupi, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limechoka, kalamu nyekundu haitoki sikioni. Mbele yake kulikuwa na kisahani cha plastiki cha kuhesabia vidonge na kijiko bapa cha kuvisogezea. Mimi nikaanza kuvisogeza kwa kidole.

"Hicho kidole kimetoka wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, Mzee."

"Basi kirudishe nyumbani. Hapa tunatumia kijiko."

Huo ndio ukawa mwanzo wa elimu yangu. Chuoni walikuwa wamenifundisha dawa. Mzee Magesa akanifundisha watu. Alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliiona ni ya kupoteza muda. Akishamweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, hamwachii aende. Anamwambia, "Haya, sasa mimi ndiye mgonjwa na wewe ndiye dokta. Nieleze." Mgonjwa anaeleza upya kwa maneno yake, na hapo ndipo unagundua kwamba yule aliyekuwa anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, hakusikia hata moja. Kuna siku mama mmoja wa sokoni alipoambiwa yeye ndiye dokta, aliipokea kazi kwa mikono miwili. Akasema, "Kwanza mbona umechelewa kuja hospitali? Na pombe unaacha lini?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee Magesa, ambaye jioni alipendaga kidogo chake, akainamisha kichwa akasema, "Nitajitahidi, dokta."

Swali lake la pili lilikuwa hili: "Kuna dawa iliyowahi kukukataa?" Hakuuliza habari za mzio wala aleji, kwa sababu watu wetu hawasemi hivyo. Wanasemaga dawa imemkataa fulani. Ukiuliza kwa neno lao wanakumbuka mpaka kipele cha utotoni. Hilo shikeni, lina thamani kuliko semina.

Siku zile kapsuli zote za antibayotiki watu waliziita rangi mbili, na rangi mbili ilikuwa na kazi nyingi kuliko mimi. Kuna waliozipasua wakamwaga unga kwenye kidonda cha mguu, kama mtu anayetia samaki chumvi. Kuna waliomeza moja kwa mafua, moja kwa uchovu. Mama mmoja akaja kutaka rangi mbili kwa ajili ya kuku wake wanaokohoa.

"Kuku wako ana cheti cha daktari?" Mzee Magesa akamuuliza.

"Hana."

"Basi na mimi sina dawa. Mwone mtu wa mifugo."

Yule mama akanigeukia mimi kijana nimwonee huruma. Kusema kweli niliyemwonea huruma ni kuku.

Kutoka Bunda nikapelekwa Butiama. Kule wengi walikuwa wakulima na wafugaji, watu wa taratibu, anakusalimia mpaka unasahau alikuja kufanya nini. Lakini walikuja pia wachimbaji kutoka Buhemba, na hao hawakuwa na muda. Mchimbaji akipata kitu hakimalizi, anakiwekaga akiba, kwa sababu kesho shimo linaweza kumnyima. Sasa hiyo akili nzuri ya dhahabu wakaihamishia kwenye dawa. Anaandikiwa dozi, anameza mpaka maumivu yatulie, inayobaki anaitunza.

Mmoja wao, kijana anaitwa Chacha, alikuja na kidonda cha mkono kisichopona. Nikamuuliza amekuwa anatumia nini. Akachomoa kikopo cha maziwa ya unga mfukoni, akakimwaga mbele yangu. Hiki cha jino, hiki cha tumbo, hiki alinipa shemeji. Nikamwonyesha kimoja cheupe, hiki je?

"Hicho sikijui jina, ila kilinisaidiaga."

Nikakigeuza. Kilikuwa kifungo cha shati.

Sikumcheka palepale, kicheko nilikiweka mpaka aondoke. Nikamuuliza, "Mkikuta maji shimoni mnayafanyaje?" Akasema wanayavuta mpaka yaishe, maana ukivuta nusu ukaacha, asubuhi unayakuta yamejaa tena na yamelainisha ukuta. Nikamwambia bakteria ni hivyohivyo. Unayempiga nusu ukamwacha anarudi, na anarudi amejifunza. Akanisukumia kile kikopo chote nikakiharibu kwa utaratibu wetu. Akaomba kitu kimoja tu, arudishiwe kifungo chake.

Kisha nikahamishiwa kituo kidogo cha afya upande wa Kiriba, na huko ndiko nilikopata jina la Mama Dirisha, na huko ndiko yalikotokea haya ninayotaka myabebe.

Kiriba ni watu wa ziwa na muhogo. Asubuhi dagaa wanaanikwa, mchana muhogo, Jumapili kila mtu kanisani. Katika kijiji chetu alikuwepo Bibi Nyanjura, mama mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata akiwa anauliza bei ya nyanya. Alikuwa analea wajukuu sita. Watano walikuwa watoto wa mwanawe, mvuvi aliyeshinda visiwani. Mkewe alikuwa palepale nyumbani, na macho yake yalikuwa makali. Wa sita, Nyamisi, alikuwa wa binti yake aliyekuwa anafanya kazi Mwanza. Sasa mjue ugumu wa bibi huyo. Akimpa Nyamisi zaidi, mkwe atasema anapendelea wa binti. Akimpa pungufu, binti atasikia huko Mwanza kwamba mwanawe ananyanyaswa. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja ya nyumba, na hakuna aliyeivunja: kinachoingia kinagawanywa sawa, na hakuna mtu anayekula mafichoni. Sato akiwa mmoja, anakatwa vipande sita. Akiwa mdogo, anageuzwa mchuzi. Watu walisema ukitaka kuona haki ilivyo, nenda ukale kwa Bibi Nyanjura.

Nyamisi akaugua kifua. Daktari wetu, Daktari Wambura, akampima, akasema ni nimonia lakini bado haijawa kali, atatibiwa nyumbani. Akamwandikia amoksilini ya watoto, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Mnavijua, vina utamu wa matunda, watoto wanavipenda kama peremende. Mimi nikamwelekeza Bibi, halafu nikafanya kama nilivyofundishwa Bunda, nikamwambia yeye ndiye dokta.

Akajibu kwa sauti ya kwaya, foleni yote ikasikia: "Asubuhi kidonge kwenye maji safi, jioni kidonge kwenye maji safi, mpaka siku alizoandika daktari ziishe, hata kama mtoto amepona. Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Mzee Magesa angemvulia koti lake.

Siku chache baadaye nikamwona anakuja mbiombio, amebeba mgongoni mjukuu mwingine, Mafuru, mtoto mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa karibu kuburuza chini. Alipomshusha nikaona mwili mzima umejaa vipele vilivyovimba, kama ameingia kwenye mzinga wa nyuki, na kope zimefura. Daktari Wambura akamchukua papo hapo. Mimi nikabaki na Bibi.

"Amekula nini huyu?"

"Walichokula wote."

"Na wote wamekula nini?"

"Ugali na dagaa. Na dawa ya Nyamisi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Dawa ya Nyamisi ameipataje?"

"Kama wenzake." Alinijibu taratibu, kama mtu anayetegemea kusifiwa. "Nayeyusha kidonge kwenye jagi, kila mmoja anapata kikombe chake. Ulitaka nimpe mmoja, hawa watano wakae wanameza mate?"

Wenzangu, nimesoma vitabu vya dawa, nimekaa semina za dawa. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu anaweza kuielewa dozi sawasawa, akaifuata asubuhi na jioni bila kukosa, na bado mgonjwa asiipate. Nikamuuliza Nyamisi yuko wapi.

"Nyumbani. Alipata nafuu, akacheza na wenzake. Tangu jana joto limerudi." Sauti ikampungua. "Leo hacheki."

Daktari Wambura alikuwa ameshampa Mafuru dawa ya kutuliza vile vipele na anamwangalia asije akabanwa pumzi. Nilipomweleza hakugomba. Alisema maneno mawili tu, "Aletwe sasa." Kijana wa bodaboda akaenda, akarudi na mkwe nyuma amempakata Nyamisi. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, pua zinatanuka, na chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa. Ninyi mliozoea kukaa nyuma ya dirisha, siku moja tokeni mkaone hali hiyo, mtajua kwa nini tunasumbua watu kwa maswali. Daktari akamchoma sindano ya kwanza, akasema, "Musoma. Hapa sina oksijeni."

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mama mjamzito. Lililokuwepo barabarani ni pikapu ya dagaa, na dereva wake hakuuliza hata swali moja. Bibi akakaa katikati amempakata Nyamisi wima ili apumue, mimi pembeni, harufu ya dagaa imetujaa mpaka kwenye nywele. Tumefika mbali kidogo, Bibi akasema bila kunitazama, "Mwanangu, niambie kweli. Nimemuua mtoto wa watu?"

Nilikuwa naogopa, nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa nampenda, yote kwa wakati mmoja, humo humo kwenye pikapu. Huyu mama hakuwa mzembe wala mchoyo. Alikuwa amefanya wema uleule ambao kijiji kizima kilimsifia, na wema huo ulikuwa unamtoa mjukuu wake roho. Nikamwambia, "Bibi, anapumua. Msikilize anavyopumua, mengine tutayasema akipona." Akaweka sikio kwenye kichwa cha mtoto, hakuliondoa mpaka tulipofika.

Pale hospitali wakampokea haraka, wakamwekea oksijeni na dawa ya mshipani. Nilirudi Kiriba kazini, nikaja tena kesho yake na uji kwenye chupa. Bibi alikuwa hajala wala hajabadilisha nguo. Nimekaa naye, namlazimisha anywe angalau kikombe, tukasikia sauti nyembamba kutoka kitandani.

"Bibi, unanuka dagaa."

Bibi Nyanjura akaweka kikombe chini, akasimama, akapiga kigelegele palepale wodini. Nesi akaja kumkemea, akakuta mimi nacheka na machozi yananitoka, Nyamisi ameziba pua, Bibi anacheza. Nesi akatuambia tupunguze sauti, halafu akageukia ukutani, na mabega yake nikayaona yanatikisika.

Mafuru naye alipona. Daktari Wambura aliandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu kwamba penisilini na za jamii yake, amoksilini ikiwemo, zimemkataa, na mama yake akafundishwa kuyasema hayo kila mahali mtoto atakapotibiwa. Lakini kazi haikuwa imeisha. Nyamisi aliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za kumalizia, za kuyeyusha, tamu zilezile, kwenye nyumba ileile yenye jagi.

Bibi akaja dirishani na paketi mkononi. Nikamweleza upya kwamba dozi inapimwa kwa uzito wa mtoto na ugonjwa wake, kwamba alipoigawa alikuwa anawapiga bakteria kofi moja moja badala ya kuwatoa nje, na kwamba wale watano hawakuwa na ugonjwa wa dawa hiyo, waliipata bure na ingeweza kuwadhuru, kama ilivyotaka kumdhuru Mafuru. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Sasa na wewe nielewe mimi. Kitu kitamu kitaingia mdomo mmoja, midomo mitano inaangalia, asubuhi na jioni. Huko kwangu itakuwaje?"

"Mpeleke chumbani, mpe akiwa peke yake."

Alinitazama kama nimemwambia aibe sadaka. "Nimlishe mtoto mafichoni? Nyumbani kwangu?"

Ulimi ulikuwa unaniwasha nimgombeze. Nikamkumbuka Mzee Magesa. Mtu akimbishia, yeye alikuwa hapandishi sauti, anamrudishia swali. Nikasema, "Haya Bibi, mimi ndiye mgonjwa na wewe ndiye dokta. Ni nyumba ambayo kila kitu kinagawanywa, na hiki hakigawanyiki. Utanishauri nini?"

Alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa kwa makusudi. Halafu akafunga paketi kwenye pindo la khanga, akasema, "Kesho asubuhi njoo kwangu," akaondoka.

Nikaenda kabla ya kufungua kituo. Nikakuta mkeka umetandikwa uani, watoto sita wamekaa duara, mkwe naye yupo, na katikati kuna sinia la viazi vitamu vinafuka moshi. Hakuna aliyekuwa anakula. Bibi akayeyusha kidonge kwenye kikombe, si jagi, akampa Nyamisi. Nyamisi akanywa. Bibi akamwongezea maji kidogo, akasuuza kikombe, Nyamisi akanywa tena. Kisha Bibi akasema, "Pindua." Nyamisi akapindua kikombe juu ya mkeka, hakikudondosha kitu. "Fungua mdomo." Akafungua. Mafuru, ambaye uso wake ndio kwanza ulikuwa umerudi umbo lake, akainama akachungulia mpaka kooni, akatangaza, "Pameisha, Bibi." Ndipo Bibi akagawa viazi, vipande sita sawasawa, na cha mkwe, na changu.

"Dawa ya mmoja," akaniambia, "viazi vya wote. Na hakuna anayekula mpaka mgonjwa ameze. Sasa tuone nani atasahau."

Nani angesahau? Watoto watano wenye njaa ni walinzi kuliko saa ya ukutani. Mafuru ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Mtoto aliyekataliwa na dawa hana huruma na anayeikubali. Nyamisi alimaliza dozi yake bila kukosa hata kikombe kimoja, na Bibi hakuvunja sheria yake ya nyumba. Nilikula kile kiazi nikiwa na furaha ambayo hata leo sina namna ya kuieleza. Nilichelewa kufungua dirisha, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akanisema. Acha aniseme.

Habari ikasambaa. Nyumba ya jirani wakatumia andazi. Mzee mmoja aliyeandikiwa dawa za jipu la jino alidai kwamba kwa umri wake anastahili sato mzima kila dozi, mkewe akamwambia basi aende akaolewe na daktari. Mimi nikaongeza swali la tatu juu ya yale mawili ya Mzee Magesa: "Nyumbani mko wangapi, na dawa hii ataila nani?" Nimeliuliza mpaka siku yangu ya mwisho, Musoma mjini, ambako watu wengine walinishangaa. Ulizeni tu, wawashangae. Mtu akija na cheti, ulizeni. Akija bila cheti anataka rangi mbili za mafua, mrudisheni kwa daktari apimwe, mafua hayauawi na hizo. Zikibaki, zirudi kwenu, zisikae kabatini. Akipata vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi, aache na aje mbio.

Sasa nimalizie, maana nimekuwa mstaafu mwenye maneno. Nakaa Kigera na wajukuu zangu, nina bustani ya mchicha na cherehani. Juzijuzi jembe liliniparua mguu. Nikaudharau, ukavimba, ukapata moto, nikaenda kituoni. Daktari, kijana mzuri tu, akaniandikia kapsuli za kumeza kwa siku kadhaa. Nikameza kwa adabu. Uvimbe ukashuka, nikaanza kutembea. Kapsuli zilikuwa zinanivuruga tumbo kidogo, na jirani alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake. Asubuhi moja nikajiambia neno nililolisikia dirishani miaka yote: mbona nimepona. Nikazitia zile zilizobaki kwenye kopo la cherehani, lile la vifungo.

Asubuhi hiyo hiyo Nyamisi akaja. Ni mwanamke mzima sasa, anauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, hapa Musoma, na hapiti wiki bila kuja kunisalimia. Blauzi yake ilikuwa imekatika kifungo. Nikamwambia achague kwenye kopo. Akalifungua, akachakura.

"Mama Dirisha," akasema, "hivi vifungo vyenye rangi mbili ni vya nguo gani?"

Nilimkumbuka Chacha wa Buhemba, nikaona aibu na kicheko vinanipanda pamoja. Nikaanza kueleza habari za tumbo, habari za sherehe. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Haya. Mimi ndiye mgonjwa, wewe ndiye dokta. Mguu wangu umepona, paketi haijaisha. Nieleze."

Mimi nilimfundisha hilo swali, na sikuwa nimewahi kukaa upande ule wa pili. Upande ule mgumu, wenzangu. Nyamisi akampigia simu yule daktari aliyeniandikia, akaniwekea sauti kubwa. Daktari akasema nisiache, niendelee na ratiba, nisimeze mbili kwa pamoja, na nile kwanza ili tumbo litulie.

Wakati nazungumza naye, Nyamisi alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na ile sufuria yenu kubwa, imejaa viazi vya moto. Akatandika mkeka. Akawaita wajukuu zangu wote, na watoto wa jirani waliokuja kwa harufu. Wakakaa duara. Hakuna aliyeshika kiazi, walikuwa wameshaambiwa. Kisha akapiga simu Kiriba. Bibi Nyanjura bado yupo, macho yamepungua, masikio yamepungua, sauti haijapungua hata kidogo.

"Amemeza?" simu ikauliza, uani kote kukasikika.

Nikala kipande nilichopewa, nikameza kapsuli kwa maji, nikapindua glasi juu ya mkeka. Watoto wote wananikodolea macho mdomoni.

"Amemeza, Bibi," Nyamisi akasema.

"Mwambie afungue mdomo."

Nikasema, "Bibi, mimi ni mtaalamu wa dawa mstaafu."

"Afungue mdomo, watoto wana njaa."

Nikafungua. Nyamisi akainama, akachungulia mpaka kooni, akachukua muda wake. Halafu akasema kwenye simu, "Pameisha, Bibi," na watoto wakaanza kula.